Eimu Tuliyemchora Mara Nne

Wiki iliyopita panya alifia ndani ya dari ya nyumba yangu. Siku ya kwanza tulidhani ni takataka za jikoni. Siku ya pili harufu ikashuka, ikakaa kwenye mapazia, kwenye mito, hata ndani ya chai. Mwanangu alipanda ngazi na mfuko wa plastiki, akamtoa, kisha akaenda kutapika kwenye maua. Wenzangu wakasema basi, harufu imeisha. Mimi nilibaki nje mpaka jioni nikiwa nimejiziba pua, kwa sababu harufu ile naijua kwa jina la mtu. Ina utamu fulani, na hiyo ndiyo sehemu ambayo watu hawaisemi. Ni utamu wa papai lililopasuka likaachwa juani, na chini ya utamu huo kuna kitu kinachokukamata koo. Jina la mtu huyo ni Syokau, na sijawahi kuliandika mahali popote.

Nilipokuwa mtoto tuliishi upande wa Kathonzweni, mahali ambapo mto ni mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka. Ukitaka maji unachimba mpaka mkono uzame begani, kisha unangoja yajikusanye, unateka kwa kata, unangoja tena. Mtungi mmoja ungeweza kula asubuhi nzima. Kungoja huko ndiko kulikozaa mchezo wetu.

Mchezo uliitwa Eimu. Mkamba yeyote anamjua eimu, zimwi mla watu anayetajwa katika hadithi za nyanya zetu. Aliyeutunga mchezo ni binamu yangu Musyoka, aliyenizidi miaka mitatu, na ambaye alikuwa na mkono wa kuchora mpaka walimu walimpa ubao achore moyo na mapafu badala yao. Alikuja na daftari. Ndani aliandika sheria, na katikati akamchora Eimu. Kila mmoja wetu alichagua atakuwa nani: mwindaji, mfua chuma, mganga. Mdogo wangu Kyalo, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, siku zote alikuwa mrina asali. Ukishachagua, ulibaki mtu huyo mpaka mitungi ijae. Musyoka ndiye aliyetuongoza. Alikaa kwenye ukingo wa mto, akasema kwa sauti ya chini, "Mmefika kwenye pango. Ndani mnasikia mtu akitafuna. Mnafanya nini?" Tukishasema, tulirusha punje tatu za mahindi zilizochomwa upande mmoja. Weusi ukiwa mwingi, umefaulu. Weupe ukiwa mwingi, umeliwa, nenda ukachimbe.

Kila daftari lilipojaa, mchezo ulianza upya kwenye daftari jingine, na Eimu akapata sura mpya.

Yule wa kwanza alitoka moja kwa moja kinywani mwa Susu, nyanya yetu. Kwa mbele alikuwa kijana mzuri, mabega mapana, meno meupe, mtu ambaye msichana yeyote angemkaribisha maji. Lakini kisogoni, chini ya nywele, alikuwa na mdomo wa pili, na mdomo huo ulifunguka inzi walipopita. Musyoka alimchora mbele kwenye ukurasa mmoja na nyuma kwenye ukurasa wa pili. Ili kumshinda ilibidi umfanye ageuke. Susu aliangalia michoro ile huku akichambua mbaazi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapo umempata," alisema.

Wa pili alizaliwa baada ya mhubiri mgeni kutundika picha za kitambaa kanisani, na katika picha hizo kulikuwa na Shetani. Eimu wetu akaota pembe, mkia na kwato, akapoteza mdomo wa kisogoni. Susu alicheka. "Huyu ni mbuzi amesimama. Nani ataogopa mbuzi? Atachinjwa."

Wa tatu alitoka kwenye gazeti la picha ambalo kaka yake Musyoka alilitoa Mombasa. Alikuwa na misuli kama viazi vitamu, meno kama visu, mkanda wa chuma kiunoni. Susu hakumtazama hata kwa muda wa kumenya mbaazi moja.

"Eimu gani huyu? Mtoto akimwona atakimbia. Sasa atakula nani?"

"Susu, anatisha!" Kyalo alimtetea.

"Eimu hatishi, mwana wakwa. Eimu anapendeza. Ndiyo maana anashiba."

Tulimwona mzee, hajui mambo. Lakini ukweli ni kwamba yule wa tatu hakumtisha yeyote kwa zaidi ya wiki moja. Musyoka alijua. Alikaa mchangani akichora na kufuta, akimwongezea kamasi, usaha, macho ya chura. "Bado," alikuwa akisema. "Nataka mtu akimwona asikie kutapika." Alitafuta kinyaa kama wengine walivyotafuta maji, na hakukipata, mpaka mimi nilipompelekea.

Syokau alikuwa mjane aliyeishi ng'ambo ya mto. Alisuka vyondo, vikapu vya katani. Alinifundisha kusokota katani kwenye paja, na nilipolia kwa kuwa ngozi imechubuka alicheka mdomo wazi, akanionyesha paja lake lililokuwa gumu kama ngozi ya ngoma. Kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo. Mwaka huo alianza kujifunga leso kuzunguka taya, leso ya njano yenye madoadoa meusi, akasema ni jino. Kisha akaacha kuanzisha nyimbo. Kisha akaacha kuja kanisani kabisa. Kina mama walisema jino hilo limekuwa jino kubwa. Wengine walisema amerogwa. Leso ilikuwa na alama ya unyevu upande mmoja, na alama hiyo haikukauka.

Asubuhi moja kibiriti kilituishia. Mama akaniambia, "Kimbia kwa Syokau umwombe moto." Nilichukua kigae cha chungu, nikavuka mto. Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa amenipa mgongo, leso iko mapajani, anakunywa uji kutoka kwenye kibuyu. Nikamwita. Akageuka kabla ya kukumbuka.

Shavuni alikuwa na tundu. Ningeweza kupitisha dole gumba langu na jingine kando yake. Ukingo wake ulikuwa wa kijivu, umelegea kama nyama iliyochemshwa kupita kiasi, na ndani niliona magego, yote, kutoka ubavuni, mahali ambapo meno ya mtu hayapaswi kuonekana. Uji alioumeza ulitoka pale. Ulitiririka mpaka kidevuni, ukadondoka kifuani, na inzi mmoja akatua ukingoni mwa tundu akaanza kunywa. Ndipo harufu ikanifikia. Alijiziba haraka kwa kiganja, uji ukapita kati ya vidole.

"Usiogope, mwana wakwa," alisema, lakini maneno yalitoka na upepo na mate.

Kigae kilinidondoka. Nilikimbia bila moto, na nilipokuwa nakimbia nilijua, jinsi mtoto anavyojua kitu kikajaa mwili mzima, kwamba nimeuona mdomo wa pili. Susu alikosea jambo moja tu: haukuwa kisogoni.

Mama nilimdanganya kwamba sikumkuta. Niliyemwambia ni Musyoka. Alinihoji kama daktari. "Upande gani? Meno yalionekana mangapi? Kando kando ni rangi gani? Inzi alikuwa mmoja au wengi?" Nilimjibu yote, na mahali ambapo sikuwa na hakika niliongeza. Ni aibu kusema, lakini kulikuwa na raha ndani yake. Nilisema, nikasikia kichefuchefu, nikataka kusema tena. Watoto wengine walisogea, wakaziba midomo, wakaniambia, "Rudia ile ya uji."

Hivyo akazaliwa Eimu wa daftari la nne. Alikuwa mwanamke. Tangu tuanze mchezo alikuwa hajawahi kuwa mwanamke. Alikuwa na leso yenye madoadoa ikining'inia shingoni, shavu lililotoboka, meno ya ubavuni, na matone yanayodondoka ambayo Musyoka aliyatia kivuli kwa mate na mkaa mpaka yakang'aa. Sheria nazo zikabadilika. Huyu hangeweza kuuawa. Hukuhitaji kumfanya ageuke, kwa sababu ubaya wake ulikuwa mbele. Aliyeguswa naye alioza. Njia pekee ya kumshinda ilikuwa kuchafua kisima chake ili ahame.

Daftari lilifika shuleni. Wakati wa mapumziko watoto walipanga foleni kulitazama, na wengine walitema mate chini papo hapo. Kufikia Ijumaa hakuna aliyemwita Syokau kwa jina. Alipokuja mtoni na mtungi wake, watoto walitawanyika wakipiga kelele, "Eimu! Eimu wa ng'ambo!" Mwanzoni kina mama walitugombeza. Baadaye niliwaona wakivuta mitungi yao kando anapopita. Halafu shangazi yangu, mama yake Musyoka, akamwambia kwa adabu kabisa, "Syokau, si unaona watoto wanaogopa? Ngoja sisi tumalize." Siku iliyofuata, bado kwa adabu: "Kwani huwezi kuchimba chako kule chini?"

Akaenda kuchimba chake kule chini, kwenye kona punda wanakonyweshwa. Alichimba peke yake, kwa sufuria bovu. Tulimtazama kutoka kwenye ukingo.

Kesho yake Musyoka alifungua daftari. "Mmefika kwenye kisima cha Eimu," alisema. "Mwenyewe hayupo. Mnafanya nini?"

Sisi sote tulijua sheria. Mwindaji alirusha punje, zikatoka nyeupe. Mimi nilikuwa mganga. Nikarusha. Zilitoka nyeusi zote tatu, jambo lililotokea mara chache mno, na watoto wakashangilia. Niliokota mavi ya punda yaliyokuwa bado laini, kwa mikono miwili, nikayatumbukiza, nikayasonga kama ninayesonga ugali mpaka maji yakawa rangi ya chai. Juu yake nikaweka chura mfu. Kyalo alicheka sana, kisha akaacha.

"Na akinywa?" aliuliza.

"Eimu hanywi maji," Musyoka alimjibu. "Anakula watu." Akaandika kwenye daftari kwamba tumeshinda, na jina langu akalipigia mstari.

Syokau hakuonekana siku nne.

Daftari lililala kwangu zamu hiyo, na Susu akalikuta chini ya mkeka alipokuwa akifagia. Hakujua kusoma. Alipekua kurasa za maandishi upesi, akafika kwenye mchoro, mkono ukasimama. Nilikuwa mlangoni.

"Huyu ni Syokau," alisema.

"Hapana, Susu. Ni Eimu."

"Leso hii nilimpa mimi." Aliweka kidole juu ya madoadoa. "Nani aliyeona?"

"Mimi."

"Uliona nini?"

Nilimwambia. Nilipoanza sikuweza kuacha, nikamwambia na ya kisima. Nilingoja kofi. Susu hakunipiga. Alibandika maji jikoni, akatia chumvi kiganja kizima, akararua shuka lake la zamani vipande vipande. Kisha akasema, "Beba hilo bakuli. Na daftari lako."

Harufu ilitukuta mbali na mlango. Nilisimama. Susu hakusimama, na kwa kuwa alikuwa amenishika mkono, nami nikaingia. Syokau alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha kamba, mwili unamtetemeka kwa homa. Kwenye pembe palikuwa na ndoo iliyojaa alichoharisha. Susu alipiga magoti akaifungua leso, ambayo ilikuwa imeshikana na nyama, akailowesha kidogo kidogo mpaka ikaachia. Tundu lilikuwa limekua. Ndani yake niliona kitu cheupe nikadhani ni punje za wali, nikajiuliza nani amempa wali, kisha punje zikatembea.

Nilitapika mlangoni.

"Ukimaliza rudi ushike bakuli," Susu alisema bila kugeuka.

Nilirudi. Alikuwa akitoa funza mmoja mmoja kwa ncha ya kitambaa, akiwaweka ndani ya bakuli nililolishika mimi, na walijikunja kwenye maji ya chumvi. Nilitapika mara ya pili, nikarudi, na mara ya tatu, wakati tumbo halikuwa tena na kitu ila maji ya kijani. Syokau alinyanyua mkono kidogo. "Mwache atapike," alisema. Sasa nilikuwa nimejifunza kuyasikia maneno yake ndani ya upepo ule.

Jeraha lilipokuwa safi, likiwa jekundu badala ya kijivu, Susu alilichukua daftari akaliweka kitandani. "Watoto walikuchora," alisema. "Nimeona afadhali ulione kutoka kwetu."

Nilitaka ardhi inimeze. Syokau alilifungua mwenyewe. Nyumba yake haikuwa na kioo, na kama ilikuwa nacho zamani alikuwa amekitupa. Alitazama mchoro kwa muda mrefu sana. Aligusa karatasi, akagusa shavu lake kwa mbali, bila kufikisha kidole, akagusa karatasi tena.

"Amekosea," alisema. "Ni upande huu."

Ilikuwa kweli. Musyoka alichora tundu shavu la kulia, kwa sababu mimi nilimwambia kulia, na kulia kwangu nikiwa nimemkabili Syokau kulikuwa kushoto kwake.

"Lakini leso ameiweza," aliongeza.

Nilianza kulia. Nikasema, "Ni mimi niliyeweka mavi kwenye kisima."

"Nilijua yamewekwa," alisema. "Nilikunywa. Sikuwa na maji mengine."

Hakusema kwa hasira. Kama angesema kwa hasira ningekuwa nimeshalisahau neno hilo.

Mchana huo Susu alizunguka nyumba kwa nyumba. Wanaume walikuwa na shughuli. Wanawake wanne walikubali, na mmoja wao alikuwa shangazi yangu. Walimbeba Syokau na kitanda chake mpaka barabarani, wakibadilishana pembe, na njiani shangazi alitua mara mbili akatapika vichakani, akajipangusa, akarudi kwenye pembe yake. Lori la kubeba makaa lilimchukua mpaka hospitali ya Machakos. Huko walisema ni saratani ya mdomo, na kwamba homa iliyotaka kumuua ilitokana na maji machafu.

Daftari la nne Susu alilitia motoni. La tano halikuwepo. Musyoka alikua akawa mwandishi wa vibao huko Kibwezi, na mpaka leo ukipita barabara ya Mombasa utaona ng'ombe wake kwenye kuta za bucha, wazuri, wanene. Hachori watu. Miaka mingi baadaye, kwenye harusi ya Kyalo, nilimkumbusha. Aliweka soda yake chini. "Ulikuwa unasema wewe," alisema. "Mimi nilichora tu." Tangu siku hiyo tunasalimiana vizuri, na hatukai meza moja.

Syokau alirudi baada ya misimu miwili ya mvua. Walikuwa wamemkata nusu ya taya, wakaziba shavu kwa ngozi waliyotoa kifuani. Uso ulivutika upande mmoja kama nguo iliyoshonwa vibaya. Harufu ilikuwa imekwisha; alinukia sabuni ya kufulia. Mtoni kina mama walimpisha ateke wa kwanza, wakamtwika mtungi, wakaongea kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Susu alinituma kwake na kibaba cha unga. Nilimkuta akiepua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Akaniambia nikae. Alipakua kwenye sinia moja, akaliweka katikati yetu, akaanza kula. Alikuwa akila na kiganja kimoja kimekingwa chini ya kidevu, kwa sababu mdomo haukufunga sawasawa, na kilichodondoka kiganjani alikirudisha mdomoni. Punje nyingine zilirudi kwenye sinia zikiwa na mate. Aliniona nikitazama. Aliendelea kula.

Nilichota kutoka upande wangu. Nilitia mdomoni. Nilijua huyu ni Syokau aliyenifundisha kusokota katani. Nilijua hana ugonjwa wa kuambukiza, Susu alikuwa ameniambia mara kumi. Nilijua nilichomfanyia. Yote hayo niliyajua, na koo likakataa. Nilisema naenda kujisaidia, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikatema kwenye majani, nikasimama pale nikiwa nimeshika ukuta, na chuki niliyokuwa nayo juu ya mdomo wangu mwenyewe siwezi kuieleza.

Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama kwenye kona.

"Hata mimi nilikuwa natema," alisema, taratibu, ili nisipoteze neno. "Kule hospitali. Walinipa kioo, halafu wakaniletea chakula. Nilitema siku tatu."

"Halafu?"

"Halafu njaa ikanishika."

Akarudi ndani. Nilimfuata. Nilikaa chini, nikachota, nikameza. Kinyaa hakikuondoka, hakikuondoka siku hiyo wala siku nyingine nilizoenda kula kwake, na nilienda nyingi. Nilikula nacho. Yeye alisukuma punje nzuri upande wangu wa sinia, na tulikula mpaka chini pakaonekana.